Sikuuliza Protini Inakwenda Wapi

Kaka yangu aliwekewa figo ya mdogo wetu wa kike, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kumtunza baada ya upasuaji. Leo figo ile imeharibika kwa sehemu kubwa. Ndugu wananifariji kwamba ni mipango ya Mungu, nami sishindani na Mungu. Lakini yamo humo niliyoyafanya mimi, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu na elimu ya kutosha kunizuia. Ni mwalimu wa biolojia. Mada ya figo nimeifundisha miaka mingi. Nimeona bora niyaseme haya kwa jinsi yalivyokuwa kuliko kuendelea kupokea pole nisizostahili.

Kosa langu lilihusu mstari mmoja kwenye karatasi ya majibu ya damu, mstari wa albumini. Niliuona ukishuka, nikautafsiri mwenyewe, nikautibu mwenyewe jikoni, na daktari nikamficha.

Kaka ni fundi seremala. Alipofika hospitali mara ya kwanza, presha ikiwa juu sana na miguu imevimba, ultrasaundi ilionyesha figo mbili zilizosinyaa. Zilikuwa zimefika mahali ambapo kuchukua kinyama ili kujua ni ugonjwa gani umeziua hakuna faida tena. Wagonjwa wengi wa kwetu hufika hivyo, wakati chanzo hakitafutiki. Kwenye faili pakaandikwa presha, kwa kuwa presha ilikuwepo, na hakuna aliyeweza kusema kama presha ndiyo iliyoua figo au figo ndizo zilizoleta presha. Naomba msomaji alishike hilo.

Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa dialisisi anayajua maisha hayo: maji ya kunywa kwa kipimo, safari zisizoisha, mwili unaokwisha taratibu. Mtu aliyekuwa akibeba mbao za mninga peke yake akawa anashikwa mkono kushuka ngazi. Kwa bahati yetu upandikizaji wa figo ulikuwa umeshaanza nchini. Hadi mwaka 2017 Mtanzania aliyehitaji figo mpya alilazimika kwenda nje, wengi wakipelekwa India. Novemba mwaka huo upasuaji wa kwanza ulifanyika Muhimbili, na mwaka uliofuata ukafanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Sisi tulikuja baadaye, tukiwa tumepewa njia ambayo familia nyingi kabla yetu hazikuwa nayo. Mdogo wetu alijitolea bila kubembelezwa na mtu. Vipimo vikakubali, upasuaji ukaenda vizuri, figo ikatoa mkojo kaka akiwa bado mezani.

Kwenye mabenchi ya kliniki ya figo, wenye wagonjwa husalimiana kwa kuulizana: “Kreatinini ngapi?” Nami nikawa mmoja wao. Kabla ya upasuaji kreatinini ya kaka ilikuwa imepita 1,000. Baadaye ikateremka hadi 96. Niliikariri namba ile, nikaituma kwenye kundi la familia, na tangu siku hiyo kila majibu yalipotoka jicho langu lilikwenda kwenye mstari huo kwanza. Ikiwa iko chini ya 110, moyo ulitulia.

Kreatinini ni taka itokanayo na misuli. Figo yenye nguvu huitoa. Figo iliyochoka huiacha irundikane kwenye damu. Kipimo chake ni cha zamani, kwani Mjerumani Max Jaffe alieleza mwaka 1886 mmenyuko wa rangi ambao maabara nyingi zinautumia hata leo. Ni kipimo rahisi na cha maana. Lakini kinategemea misuli, na hilo nilikuwa nalijua bila kulipa uzito. Mtu aliyekonda hutoa kreatinini kidogo, hivyo namba yake inaweza kuonekana nzuri huku figo ikiwa imeshapungua nguvu. Kaka alitoka kwenye mashine akiwa mifupa na ngozi. Ipo protini nyingine katika damu, sistatini C, inayotengenezwa na karibu kila seli ya mwili bila kutegemea misuli, na madaktari huitumia wanapoitilia shaka kreatinini. Nayo ina shida yake kwa aliyepandikizwa figo, kwa sababu prednisoloni, dawa ya kushusha kinga anayoimeza, huipandisha. Kaka hakupimwa hiyo. Naitaja ili ieleweke kwamba katika damu hakuna namba moja inayoweza kubeba peke yake habari yote ya figo, na mimi niliibebesha kreatinini habari yote.

Sasa niseme juu ya albumini. Ni protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu. Hutengenezwa na ini, na kazi yake mojawapo ni kuyashikilia maji yabaki ndani ya mishipa. Kwa mtu mzima huwa kati ya gramu 35 na 50 kwa lita. Kaka alitoka hospitali akiwa na 38. Karatasi iliyofuata ilisema 34, nyingine 30, kisha 26, na pembeni ya kila namba mashine iliweka alama ya kuonyesha kwamba iko chini.

Niliposoma “protini chini” nilikumbuka yale ninayoyafundisha. Protini hujenga mwili. Kwenye ukuta wa darasa langu kulikuwa na picha ya mtoto mwenye unyafuzi, miguu imevimba, kwa kukosa chakula chenye protini. Kaka naye alianza kuvimba miguu. Kwangu picha mbili zikawa moja. Tena nilikuwa na kisingizio chenye asili ya kweli: mtaalamu wa lishe alituambia kwamba wiki za mwanzo baada ya upasuaji mgonjwa anahitaji protini zaidi ili kidonda kifunge na misuli irudi. Kidonda kilishafunga zamani. Mimi nikaendelea na maelekezo yale kana kwamba yalitolewa kwa maisha yote.

Nikampikia. Asubuhi uji wa lishe wenye soya na karanga, na mayai ya kienyeji juu yake. Saa nne supu ya mbuzi. Mchana samaki au maharage, usiku maziwa. Nilikuwa nikiamka kabla ya adhana kuchemsha supu, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha kubwa kufanya hivyo. Kwa muda mrefu tulikuwa tumekaa kando ya kitanda chake bila cha kufanya. Sasa kulikuwa na kitu ambacho mikono yangu ingeweza kumpa. Majirani walinisifu. Uzito wake ukaongezeka, nikaupiga picha mzani. Uzito ule ulikuwa maji.

Kila dalili iliyokuja niliitafutia jibu, na kila jibu lilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana niliweza kujidanganya kwa muda mrefu hivyo. Miguu ikivimba, nilisema ni amlodipini, dawa ya presha, na ni kweli huvimbisha miguu. Uso ukijaa, nilisema ni prednisoloni, na ni kweli hujaza uso. Siku moja kaka aliniambia kwamba mkojo wake unafanya povu na povu lile halikatiki hata akimwaga maji. Nilimjibu ni sabuni tuliyosafishia choo. Aliniangalia kidogo, kisha akakubali. Yeye aliishia darasa la saba na mimi ni mwalimu. Aliniamini kwa sababu hiyo, na katika yote niliyoyafanya hili ndilo linaloniuma zaidi.

Kisha likaja la kuficha. Kulikuwa na miadi ya kliniki iliyoangukia msimu wa mitihani ya kidato cha nne. Nilikuwa msimamizi, safari ya basi ni ndefu, na kaka hakutaka kwenda peke yake. Tukakubaliana na kliniki kwamba damu itolewe kwenye maabara ya mjini kwetu, majibu niyatume kwa simu. Fomu ilitaja damu na mkojo. Mkojo sikuupeleka, nilimwambia mhudumu tutauleta siku nyingine. Majibu yalipotoka kreatinini ilikuwa 104, albumini 26. Nikatuma namba moja. Sista wa kliniki alipopiga simu kuuliza kama kuna tatizo lolote, kuvimba, mkojo kubadilika, nilisema, “Anaendelea vizuri, sista, anakula vizuri sana.”

Sikutaka kumdhuru kaka. Niliogopa kwamba wakiiona ile 26 watasema simlishi. Niliogopa kuonekana mtunzaji mbaya, basi nikaificha namba ambayo ingemwokoa. Mdogo wetu aliyetoa figo alikuwa akipiga simu kila Jumapili, naye nikampa majibu hayo hayo.

Kreatinini ilipoanza kupanda hatimaye, ikafika 138, nilikuwa na jibu tayari hata kwa hilo. Nilishajifunza kwamba nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa baada ya kuliwa. Ni kweli, huipandisha. Nikasema ni supu.

Kilichotupeleka kliniki ni usiku ambao kaka alishindwa kupumua akiwa amelala. Tuliondoka na basi la alfajiri. Daktari bingwa, mwanamke mpole anayeniita mwalimu tangu siku ya kwanza, alibonyeza mguu wa kaka kwa kidole na shimo likabaki. Akaagiza mkojo. Kijiti kilipochovywa, rangi ya protini ilikwenda hadi mwisho wa kipimo. Akaniuliza, “Mwalimu, majibu ya nyuma unayo?” Nilikuwa nayo yote, ndani ya mkoba, yamekunjwa vizuri. Aliyapanga mezani kwa tarehe, moja baada ya jingine, akayatazama bila kusema neno. Kisha akasema, “Hii protini hamkuikosa. Mlikuwa nayo, ikawa inapotea.”

Alinieleza mambo ambayo nusu yake nilikuwa nayafundisha. Albumini ikishuka kuna maswali matatu: je, mtu anakula kidogo, je, ini linatengeneza kidogo, au inatoka mahali? Ini hupunguza kutengeneza albumini likiwa gonjwa, au mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani au maambukizi, maana hapo nguvu zake huelekezwa kwenye protini nyingine za kujilinda. Na inapotoka, mara nyingi hutoka kwa njia ya figo. Vichujio vya figo hupitisha maji na taka na kuizuia albumini; vikiharibika, huwa kama chujio la tui lililotoboka, na kinachotakiwa kubaki kinapita. Mtu mwenye figo nzima hupoteza chini ya miligramu 150 za protini kwenye mkojo kwa siku. Kaka alikuwa anapoteza zaidi ya gramu 3.5, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa kikubwa. Wala mzigo ule wa nyama na mayai haukusaidia. Protini nyingi ikiliwa katika hali hiyo huongeza inayovuja, na albumini ya damu haipandi. Zamani madaktari wenyewe waliwapa wagonjwa wa namna hii chakula cha protini nyingi, mpaka ilipobainika kuwa hakifai. Siku hizi wanashauri gramu 0.8 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Chumvi ya supu zangu nayo ilizidi kuyafunga maji mwilini.

Aliongeza jambo ambalo limenikaa. Albumini huishi katika damu muda mrefu. Nusu yake huondoka kwa takriban siku 20. Kwa hiyo ukiiona imeshuka, unaangalia habari ya wiki kadhaa zilizopita. Wakati karatasi ilipoandika 34, uvujaji ulikuwa umeanza kitambo. Kila wiki niliyoitumia kuchemsha supu nilikuwa nikiongeza kuchelewa juu ya kuchelewa.

Elimu hii si mpya hata kidogo. Mwaka 1827, katika Hospitali ya Guy’s ya London, Richard Bright alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili, akaunganisha mambo matatu: uvimbe, figo zilizoharibika, na mkojo wenye albumini. Siku zile mkojo uliwekwa kwenye kijiko na kupashwa moto juu ya mshumaa. Ukiganda mweupe, protini imo. Karibu miaka 200 baadaye, mwenye shahada ya sayansi ameambiwa na mgonjwa kwamba mkojo una povu, akajibu ni sabuni.

Kinyama kilichochukuliwa kwenye figo mpya kilionyesha makovu ndani ya baadhi ya vichujio. Hapo ndipo lile jambo la faili liliporudi. Kwa maoni ya madaktari, kaka tangu mwanzo hakuwa mgonjwa wa presha tu. Alikuwa na ugonjwa wa vichujio vyenyewe, ambao uliua figo zake za kuzaliwa na sasa umeifuata ya mdogo wetu. Magonjwa ya namna hiyo hurudi. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa duniani, ule wa Boston wa tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana, Ronald na Richard Herrick, na daktari wa upasuaji alikuwa Joseph Murray, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mwili wa Richard haukuikataa figo ya pacha wake. Aliishi nayo miaka minane, akaoa, akapata watoto, kisha ugonjwa wake wa awali ukaishambulia figo ile ile. Kumbe kumeza dawa za kushusha kinga kwa wakati, jambo ambalo kaka alilifanya kwa uaminifu mkubwa, halimalizi ulinzi wa figo mpya. Nilizihesabu dawa zake kila jioni nikidhani nimeziba mlango wote.

Daktari hakuniambia kwamba tungewahi figo ingepona, na mimi sitadai hivyo. Ugonjwa huo ukirudi ni mgumu hata ukigunduliwa mapema. Alichosema ni kwamba matibabu hupata nafasi zaidi kabla ya kovu, na kwamba kovu halirudi kuwa kichujio. Walibadilisha dozi, wakamwongezea losartani ya kupunguza uvujaji, wakamfanyia yote yaliyowezekana. Albumini imepanda hadi 31. Kreatinini imesimama kwenye 240, na tumeshaambiwa tujiandae kwa mashine tena, sijui lini.

Nilimwambia kaka kwanza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama lile povu kweli nilidhani ni sabuni. Nikamwambia nilitaka iwe sabuni. Akasema, “Basi,” na hatujalirudia. Yeye ni mtu wa maneno machache, wala sijui neno lile lilibeba nini.

Kumwambia mdogo wetu kulinichukua muda zaidi, nami naona aibu kwa muda huo pia. Ana kovu ubavuni, amebaki na figo moja, na atalazimika kupima presha na mkojo kila mwaka maisha yake yote. Aliuliza swali moja: “Ulijua kuanzia lini?” Nikamwonyesha karatasi ya 34 na tarehe yake. Hajakatisha kuja nyumbani. Ila siku hizi hali ya kaka haniulizi mimi, humpigia mwenyewe. Ana haki.

Darasani nimeondoa ile picha ya unyafuzi pale ilipokuwa, nikaihamishia kwenye mada ya figo, karibu na mchoro wa kichujio. Ninawafundisha wanafunzi sababu zote mbili za uvimbe ule kwa pamoja, na siwaruhusu kutaja moja bila ya pili. Nimewaambia kwa nini. Mwalimu mwenzangu mmoja aliona nimevuka mpaka kuleta mambo ya nyumbani shuleni. Sikubaliani naye. Miongoni mwa watoto wale wapo watakaomtunza mgonjwa wa figo, na mwalimu wao wa biolojia alikosea jambo lililo ndani ya kitabu chao cha kiada.

Kwako unayemtunza mtu aliyepandikizwa figo: tuma karatasi nzima ya majibu, mistari yote, hata ile inayokutia hofu. Fomu ikitaja mkojo, peleka mkojo. Ukiona povu lisilokatika, miguu inayobonyea, au albumini inayoshuka huku mgonjwa anakula, piga simu kliniki siku hiyo hiyo kabla hujapika chochote, na ukiulizwa anaendeleaje, sema unachokiona.